Gotland na mama mwenye magoti mabovu: tuone nini, tuache nini?

BintiPongwe

Habari zenu wanajukwaa. Naishi Västerås, Sweden, na mume wangu na watoto. Mama anakuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa sita, visa keshapata, na amesema mapema kwamba hakupanda ndege kuja kukaa sebuleni kuangalia televisheni ya Kiswidi. Anataka apelekwe mahali. Mume wangu amependekeza kisiwa cha Gotland kwa sababu kazini kwake kila mtu anaisifu, tuende siku chache baada ya Midsommar, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi.

Sasa hali yenyewe ndiyo hii. Mama ana sabini na ushei, magoti yanamsumbua, ngazi kwake ni mtihani. Ni mtu wa swala tano. Fukwe hazimhusu, bahari kaizoea tangu utotoni. Anapenda mambo ya kale, bustani, na kukaa mahali akatazama watu wanavyopita. Watoto wao wanadai kuogelea, na kuna pango wamelisikia shuleni.

Nimesoma orodha za mtandaoni mpaka macho yananiuma, zote ni Visby, Visby, Visby, huo mji mkuu wa kisiwa. Mliofika kweli, nisaidieni. Na gari tuchukue au tuache?

KakaUppsala

Gari chukueni. Mabasi yapo ila nje ya Visby ni machache, na kwa mgonjwa wa magoti kusubiri basi barabarani kwenye upepo ule ni adhabu. Meli inaondoka bandari ya Nynäshamn huku bara, ni kama saa tatu na robo mpaka Visby, na ina viti vizuri na mgahawa. Kateni tiketi ya gari mapema kwa sababu nafasi za magari kipindi hicho zinaisha haraka.

Jambo la pili: angalieni kalenda kabla ya kulipia nyumba. Mwishoni mwa Juni au kuingia Julai kuna Almedalsveckan, wiki ya wanasiasa. Ilianzia mwaka 1968, mwanasiasa Olof Palme, baadaye waziri mkuu, alipopanda nyuma ya lori pale karibu na mnara wa Kruttornet akahutubia watu waliokuwa likizoni. Siku hizi vyama vyote vinahamia kule, na waandishi wa habari, na mashirika, na bei za vyumba zinapanda nao. Kama mama anapenda kutazama watu atapata wa kuwatazama kweli, lakini kupata chumba ni kazi nyingine.

MwanaMakunduchi

Dada, mimi nimesoma Campus Gotland, tawi la Chuo Kikuu cha Uppsala lililoko pale pale Visby, kwa hiyo huu mji naujua kwa miguu. Nisikilize mimi.

Visby una sehemu mbili, chini na juu, na katikati ni mwinuko mkali wenye ngazi na mawe ya kutengua vifundo. Wageni wengi wanapanda juu kwanza wapige picha za mapaa na bahari, wanashuka wamechoka, siku imeisha. Mama mwekeni chini. Mtaa wa Strandgatan, bustani ya Almedalen na Bustani ya Mimea zote ziko upande wa bahari na njia zake zinapitika. Hiyo Bustani ya Mimea ilianzishwa mwaka 1855 na chama cha marafiki waliokuwa wakienda kuoga baharini pamoja. Mwezi wa sita mawaridi yameanza kufunguka, mabenchi yapo. Mpeni saa mbili humo wala msimharakishe.

Ukuta wa mji una urefu wa kilomita tatu na nusu hivi, ni wa karne ya 13, na bado umesimama na minara yake. Kuuona vizuri si lazima kupanda popote. Wekeni gari upande wa mashariki, nje ya lango la Österport. Pale handaki la zamani la ulinzi limegeuka majani ya kijani, mtatembea polepole ukuta ukiwa kando yenu. Na mwambieni mama kisa chake, maana hakiandikwi sana kwenye vipeperushi: ukuta ule haukuwa wa kuzuia maadui wa ng'ambo peke yake. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa na ugomvi na wakulima wa kisiwa chao wenyewe, wakapigana kabisa mwaka 1288. Mwaka 1361 mfalme wa Denmark, Valdemar, alipokuja na jeshi, wakulima walichinjwa nje ya ukuta kwa mamia na mamia, na watu wa mjini wamefunga malango. Kisha wakamfungulia mfalme. Makaburi ya halaiki yako Korsbetningen, na msalaba wa mawe upo hadi leo.

Sasa kubwa kuliko yote. Mpelekeni Gotlands Museum, hapo hapo Strandgatan. Mwaka 1999, kwenye shamba moja liitwalo Spillings kaskazini mwa kisiwa, ilichimbuliwa hazina ya fedha ya enzi za Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, kilo 67. Ndani yake mna sarafu zaidi ya 14,000, na karibu zote ni dirhamu za nchi za Kiislamu. Waviking walikuwa wanafuata mito ya Urusi kwenda kufanya biashara na watu wa mashariki, wakarudi na fedha wakaifukia chini ya sakafu. Mama anayesoma msahafu atasimama pale aanze kutafuta kalima, ingawa yale maandishi ni Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, bila nukta, hayasomeki upesi. Imo hata sarafu moja ya Wakhazari, dola ya kale ya kusini mwa Urusi ambayo watawala wake walifuata dini ya Kiyahudi, imeandikwa kwa Kiarabu "Musa rasulullah". Mimi ile jumba nililiingia kwa ajili ya somo, nikawa narudi bila somo.

NakuruMpakaMalmö

Makunduchi amemaliza mji. Mimi niongeze Fårö, kisiwa kidogo cha kaskazini. Dadangu, hapo ndipo utaona kitu usichoona pengine Sweden.

Mnaendesha hadi Fårösund, mnaingia kivuko cha manjano, hakilipiwi, dakika chache mko ng'ambo. Kule ufukweni kuna nguzo za mawe zinaitwa raukar, nyingine zinafika mita nane, zimesimama majini na nchi kavu kama wazee barazani. Hayo ni matumbawe! Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita hii sehemu yote ilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya joto, miamba ya matumbawe ikajijenga. Bara likasogea kaskazini polepole. Baada ya barafu ya zama za kale kuyeyuka ardhi ikawa inainuka, mawimbi yakala mawe laini, yale magumu yakabaki wima. Nikiangalia yale mawe nilikuwa nafikiria kuta za Lamu, ni jiwe la ukoo mmoja.

Kwa magoti: watu wote watakwambia Langhammars. Ni pazuri sana, ila unatembea juu ya kokoto za duara zinazoteleza. Nendeni Digerhuvud, barabara inapita kando ya mawe yenyewe, mama anaweza kuyaona hata akibaki ndani ya gari. Watoto waambieni wasipande juu na wasibebe vipande, ni hifadhi. Halafu wapelekeni Sudersand wakaogelee, huko huko Fårö, mchanga mzuri, maji baridi ya kukufanya upige kelele.

MkaziWaKalmar

Nitakuwa mbishi kidogo. Kwa nini Gotland? Öland pia ni kisiwa na hakuna haja ya meli. Kutoka Kalmar kuna daraja la zaidi ya kilomita sita, lilifunguliwa mwaka 1972, mnapita na gari lenu bila tiketi. Kuna magofu ya ngome ya Borgholm, vinu vya upepo vya mbao kila kona, na bustani za Solliden ambapo mfalme hukaa kiangazi. Kusini kabisa kuna mnara wa taa wa Långe Jan, mita 41 na ushei, mrefu kuliko yote Sweden. Ardhi ni tambarare, mwinuko hakuna. Mama atapumzika.

MwanaMakunduchi

Öland ni pazuri, sikatai. Ila kutoka Västerås mpaka Kalmar ni siku nzima ya kukaa garini na goti limekunjwa. Kwenye meli anainuka, ananyoosha miguu, anaangalia maji.

MkaziWaKalmar

Hapo umenibana.

BintiPongwe

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Hizo dirhamu nimemsomea mama kwenye simu, akanyamaza, halafu akauliza kama inaruhusiwa kupiga picha. Kwa hiyo Gotland imepita. Nina maswali yaliyobaki: lile pango, chakula, na swala. Na kile kisiwa cha ndege ninachokisoma, Stora Karlsö?

KakaUppsala

Pango ni Lummelunda, kilomita kama 13 kaskazini mwa Visby. Liligunduliwa mwaka 1948 na wavulana watatu wa shule waliojipenyeza kwenye tundu, ndiyo maana watoto wanalipenda. Ndani ni nyuzi nane hivi mwaka mzima, pana unyevu, njia nyembamba. Mama wa Tanga ana Amboni yake nyumbani, hakuna atakalokosa; shemeji aingie na watoto, wewe ubaki nje na mama mnywe kahawa.

Stora Karlsö ningeiacha. Ndege wa miambani ni maelfu, na kipindi hicho makinda yao hujirusha kutoka kwenye majabali kwenda baharini kabla hayajajua kuruka, ni maajabu. Lakini ni boti ndogo kutoka Klintehamn, kisha kutembea juu ya mawe. Hiyo ni safari ya magoti ya miaka thelathini.

MwanaMakunduchi

Chakula: Gotland ni kisiwa cha kondoo, nyama yake iko kila mgahawa. Sheria ya Sweden inataka mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa, kwa hiyo kama mama ni mkali wa mambo hayo msitegemee mgahawa. Samaki wapo, mtafutieni wa kuokwa kwa moshi. Na asiondoke bila kula saffranspannkaka. Ni wali wa maziwa uliotiwa zafarani na lozi ukaokwa, unaliwa na krimu na jamu ya matunda ya kwao. Atawaambia angeupika vizuri zaidi, na pengine ni kweli.

Swala: jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na giza kamili halipo. Chukueni ratiba ya msikiti wenu kabla ya kuondoka. Mama akiona uzito, anajua mwenyewe ruhusa ya msafiri kujumuisha Maghribi na Isha.

NakuruMpakaMalmö

Na koti la upepo, hata kama Västerås ni jua kali siku hiyo. Kule Fårö upepo haupumziki.

BintiPongwe

Sawa. Basi ni Visby ya chini, makumbusho, Fårö kwa gari, na pango kwa watoto tu. Mume wangu anaangalia tiketi za meli sasa hivi. Kuna mtu anajua kama melini kuna lifti kutoka sehemu ya magari kwenda juu?

KakaUppsala

Ipo. Mkifika bandarini waambieni wanaopanga magari kwamba mna mzee, wawaweke karibu nayo.