Naomba ushauri: niongeze SSD na RAM au ninunue laptop nyingine?

Wakuu, habari za majukumu. Nina laptop ya ThinkPad T430, prosesa i5 ya kizazi cha 3, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka. Asubuhi naiwasha, naenda kubandika chai, nikirudi bado kiduara kinazunguka. Ila kibodi yake tamu, sijaona mfano, na bodi haina hata ufa.

Fundi mmoja Kariakoo kanipigia hesabu: SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256 elfu 65, RAM ya kuongeza GB 4 elfu 25, betri elfu 70. Jumla laki na sitini. Laptop ya mtumba yenye i5 kizazi cha 8 naambiwa laki tano na nusu.

Kinachonitatiza: Windows 10 iliisha muda wake Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi haiikubali prosesa hii. Kazi zangu ni Word, Excel na intaneti tu, hata Linux (mfumo mbadala wa Windows) niko tayari kujifunza. Betri naweza kuisamehe, natumia mezani, ingawa umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Aliyewahi kuweka SSD kwenye mashine ya umri huu, ilimsogeza miaka mingapi? Au nidunduize ninunue hiyo ya kizazi cha 8?