Mimba ilinituliza viungo, sasa vimerudi kwa kishindo. Ni homoni?

Mama Wiki Tisa: Asalaam aleikum. Nina baridi yabisi, huu mwaka wa 5. Nilipobeba mimba maumivu yaliniachia, nikawa nakalia mbuzi nakuna nazi mbili bila kupumzika. Nikajua nimepona. Tangu nitoke arobaini, vidole huamka vimefura kama mahamri, kumtia mtoto vifungo vya nguo siwezi mpaka saa nne. Mavyaa asema ni baridi, sikukandwa vizuri. Jirani asema nikapime homoni. Nanyonyesha, na kabatini mna dawa zangu za viungo, methotreksati, za kila Ijumaa, nilizoachishwa kabla ya mimba. Nizirudie?

Bint Likoni: Shoga, usiziguse! Hiyo mwenye kunyonyesha hapewi. Mimi daktari alinipa haidroksiklorokwini na prednisoloni kidogo, na mtoto akanyonya mpaka akaanza kutembea. Wajua nilivyolia kwenye feri, nimeshindwa kujishikilia chuma?

Mzee wa Kongowea: Jaribu tangawizi na mafuta ya karafuu.

Bint Likoni: Mzee, tangawizi tia kwenye chai.

Muuguzi Mstaafu: Pole mwanangu. Mavyaa usigombane naye, maji moto hulegeza viungo, ila ugonjwa haukutoka kwenye baridi, ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyako. Mwaka 1938 daktari Philip Hench wa Marekani aliandika habari za wanawake kama wewe, wanaopata nafuu wakiwa na mimba kisha wakaumwa tena baada ya kuzaa. Swali la kwa nini iwe hivyo likachangia kumfikisha kwenye kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyompa mgonjwa mara ya kwanza 1948. Katika mimba homoni za estrojeni, projesteroni na kotizoli hupanda sana, na kinga ya mwili hubadilika ili imvumilie mtoto. Ukijifungua zote hushuka kwa ghafla, na prolaktini ya maziwa huichangamsha kinga. Usimwachishe mtoto ziwa kwa hilo.

Hela ya kupima homoni kanunulie samaki. Hakuna kiwango chake kitakachomwambia daktari akupe dawa gani. Yeye atakubonyeza viungo 28, ahesabu vilivyofura na vinavyouma, na atataka kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe mwilini. Usikae ukingoja vitulie wenyewe, kiungo kikiliwa hakirudi. Na ukitaka mtoto mwingine mwambie mapema, methotreksati huharibu mimba.

Mama Wiki Tisa: Ahsanteni. Nimepata miadi Alhamisi. Vidonge mume amevirudisha duka la dawa. Mavyaa bado apasha maji, nami nimemwachia.