Divelopa inaniwasha mikono: nifanyeje?

Swali
Ndugu zangu, tangu mwaka jana nimekuwa nikisafisha filamu za rangi nyeusi na nyeupe bafuni kwangu hapa Umoja, nikichanganya mwenyewe divelopa (dawa ya kutokeza picha) aina ya D-76. Wiki mbili zilizopita ngozi iliyo katikati ya vidole ilianza kuwasha usiku, na sasa imepasuka. Nilipokaa siku nne bila kugusa dawa ilitulia. Nilipochanganya tena ikarudi. Pia ninamwaga chooni fiksa (dawa ya kuimarisha picha) iliyotumika, nami nina mtoto mdogo nyumbani. Je, nakosea?

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Nilisafisha picha miaka mingi katika studio ya River Road, na ninachokishuku kwanza ni metoli, moja ya kemikali zinazotokeza picha ndani ya divelopa. Lita moja ya D-76 ina gramu 2 za metoli, gramu 5 za haidrokwinoni, gramu 100 za sulfiti ya sodiamu na gramu 2 za boraksi, kwa hiyo metoli ni kidogo mno, lakini ngozi ikishaikataa, mara nyingi huendelea kuikataa maisha yote, hata ikiguswa na tone tu. Fundi aliyenifunza alizoea kugeuza karatasi za picha ndani ya divelopa kwa vidole vitupu. Mwishowe mikono ilimlazimu kuiacha kazi aliyoipenda. Acha kuigusa leo. Vaa glavu za nitraili, tumia koleo, na uvae barakoa unapopima unga, kwa sababu vumbi lake huruka usilione. Mwone daktari wa ngozi na umtajie metoli kwa jina. Zipo divelopa zinazotumia kemikali nyingine, fenidoni, badala yake, na wengi walioshindwa na metoli huzivumilia.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu fiksa. Kazi yake ni kuyeyusha chumvi za fedha ambazo hazikugeuzwa na divelopa, hivyo ile iliyotumika imebeba madini ya fedha, ambayo yanadhuru viumbe wa majini na bakteria wanaofanya kazi katika tangi la maji taka. Ikusanye kwenye jerikani yenye maandishi makubwa, kamwe si kwenye chupa ya soda, hasa kwa kuwa una mtoto. Ukiloweka stiliwulu ya kusugulia sufuria humo kwa siku kadhaa, chuma huyeyuka na fedha hutuama kama tope jeusi, ambalo huhifadhiwa wala halitupwi. Usichanganye fiksa na asidi kali, maana hutoa gesi ya salfa dioksaidi inayokaba kifua. Na hata unapofanya kazi ya kawaida, bafu lisilo na dirisha halifai. Asidi asetiki nzito, inayotumika kusimamisha kazi ya divelopa, nayo humiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi.

Muuliza swali
Asanteni kwa dhati. Nimekagua bafu kwa tochi na kukuta unga mweupe kwenye ukingo wa sinki, karibu kabisa na kikombe cha miswaki. Nimepafuta kwa kitambaa chenye maji, miswaki nimeibadilisha, na mizani nimeihamishia kwenye veranda.