Wakuu naombeni ushauri: wateja tuliowafuta wamerudi baada ya kurudisha bakapu ya Cassandra

Nodi_Pweke: Habari za jioni wakuu. Tunahamisha databesi ya kampuni ya mikopo. Klasta ya sasa (seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja) ni ya databesi ya Cassandra, nodi (seva) sita, kila rekodi ina nakala tatu. Nimerudisha bakapu kwenye klasta mpya kwa majaribio, imekubali, ila wateja waliomaliza deni tukawafuta wamerudi na madeni yao. Cha ajabu, waliofutwa siku chache kabla ya bakapu hawajarudi. Jumatatu tunawasha. Nawafichaje? Usingizi sina.

MamaWawili: Shemeji yangu alilipa mkopo wa simu mpaka senti ya mwisho, wakaendelea kumpigia, hadi mwenye nyumba wake akapigiwa. Ikabidi ahame mtaa kwa aibu. Kumdai mtu asichodaiwa ni dhuluma, ndugu yangu.

KeboNdefu: Hamieni databesi ya PostgreSQL mpumzike. Mikopo tu, nodi sita za nini?

FundiSeva: Acha kuficha kwanza. Snapshoti (picha ya mafaili ya databesi kwa wakati fulani) za nodi sita zilipigwa lini?

Nodi_Pweke: Zote zipo mkuu, nilipiga `nodetool snapshot` nodi moja moja.

FundiSeva: Nimeuliza lini.

Nodi_Pweke: Nne ni za Ijumaa iliyopita. Mbili ni za mwezi uliopita, diski zake zilikuwa zimejaa. Lakini nakala ziko tatu, si hizo nyingine zitazirekebisha?

FundiSeva: Haziwezi. Cassandra ikiambiwa futa, inaandika alama kwamba rekodi imefutwa. Alama inalindwa kwa muda uliowekwa kwenye mpangilio wa `gc_grace_seconds`, kwa kawaida sekunde 864000, yaani siku 10. Zikipita, mafaili yakiunganishwa alama inaondolewa. Wa siku chache kabla ya bakapu alama zao bado zipo, ndiyo maana wametulia. Wale wa kabla ya hapo, nodi nne hazina rekodi wala alama, nodi mbili zenye snapshoti za mwezi uliopita zina rekodi nzima. Cassandra ikilinganisha nakala inadhani wenzake wamepungukiwa, inawagawia.

Nodi_Pweke: Nimeshaandika skripti ya kuwafuta kwa kutumia Excel ya uhasibu. Bosi ameshatangaza Jumatatu, siwezi kurudi nyuma.

FundiSeva: Utawafuta unaowajua. Malipo yaliyoingizwa kimakosa yakafutwa, namba ya simu iliyoondolewa, navyo vipo kwenye Excel?

KahawaChungu: Wakuu mnakunywa chai. Kampuni ina seva sita ikose diski? Hili ni swali la usaili, jamaa anatafutiwa majibu.

KeboNdefu: Hata mimi nilishtuka. Nani anafanya hivi kweli?

Mzee_wa_Logi: Wapo wakubwa zaidi. Kampuni ya programu ya GitLab, 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Njia tano za bakapu, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Iliyowaokoa ni snapshoti ya kama saa sita nyuma. Tena hiyo ilikuwa PostgreSQL, Kebo.

Nodi_Pweke: Si chai. Nimepiga `nodetool listsnapshots`, nodi ya pili ina snapshoti tangu mwaka jana.

FundiSeva: Ndizo zilizojaza diski. Snapshoti inashikilia mafaili ya zamani kwenye diski ile ile, hayafutiki. Na diski ikifa inakufa nayo, kwa hiyo mpaka uihamishie kwingine, bakapu huna. Klasta ya zamani bado ipo hewani?

Nodi_Pweke: Ipo, ila nimeshaomba izimwe Jumapili usiku.

FundiSeva: Sitisha hilo ombi sasa hivi, kabla ya kunijibu.

Nodi_Pweke: Nimesitisha. Bosi hapokei simu, nimemwandikia. Sasa nianze na repair (kulinganisha nakala za nodi) au snapshoti?

FundiSeva: Anza kufuta snapshoti zile za mwaka jana kwa `clearsnapshot` upate nafasi. Kisha repair, nodi zikubaliane. Halafu simamisha programu isiandike, piga snapshoti nodi zote sita kwa skripti moja, maana Cassandra yenyewe haikupi picha ya klasta nzima kwa nukta moja. Zinakili nje ya hizo seva. Klasta ya majaribio ifute yote, usiongezee juu yake.