Nasali ila amani siipati, nifanyeje?

MamaZabibu:
Wapendwa, habari za usiku. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima zabibu Hombolo, ekari moja na nusu tu. Msimu huu mnunuzi niliyemtegemea hakutokea, na simu hapokei. Zabibu zikaiva, zikapasuka, nyuki wakazimaliza. Na nina mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, marejesho kila Jumatatu.

Lakini sijaja kuomba pesa. Kilichonileta ni kwamba kusali kumenishinda. Napiga magoti saa nane usiku, nikifika "utupe leo riziki yetu" kichwa kinahamia kwenye deni: 32,000 kwa wiki, nimelipa wiki 4, bado 11. Najikuta nahesabu vidole juu ya Biblia. Nimefunga siku saba, wapi. Nikaenda kwa mtumishi mmoja mjini, akasema imani yangu ndogo, nipande mbegu ya laki moja. Laki ningekuwa nayo si ningelipa deni?

Mume wangu analala fofofo. Namwonea wivu hata huo usingizi.

Kijana wa Chang'ombe:
Usitoe hata mia.

MzeeWaMvumi:
Mwanangu, pole. Hizo hesabu unazozikimbia ndizo sala yenyewe. Soma Zaburi ya 13, inaanza kwa kulalamika "hata lini". Ya 88 ndiyo kabisa, inaishia gizani, na bado wazee waliiacha kwenye Biblia. Marehemu mama yangu mwaka wa njaa alikuwa akisali kwa Kigogo huku anapepeta, anamtajia Mungu debe zilizobaki ghalani, sauti ileile ya kuongea na jirani. Siku hizi tumezoea kwamba bila kupaza sauti hujasali.

Chukua daftari la mtoto. Andika deni, tarehe, kiasi. Msomee Mungu mstari kwa mstari, lifunge, liweke chumba kingine. Wafilipi 4:6 inataka haja zijulikane na Mungu, pamoja na kushukuru. Amani inakuja mstari wa 7, na hapo katikati sijaona palipoandikwa deni limekwisha.

NesiWaZamu:
Amina mzee, ila mimi nauliza: dada, unakula? Eliya alipoomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Wewe umefunga siku saba juu ya kukosa usingizi! Acha kufunga kwanza.

Na kama hali hii imepita wiki mbili, au unapata mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo ulivyoandika hapa. Najua Dodoma ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanacheka. Wanaokuja pale kliniki na kurudi makwao ni wengi, pengine mnakaa benchi moja kanisani.

Kijana wa Chang'ombe:
Na huyo mume aamshwe, asali naye. Deni la nyumba mbona linakesha na mtu mmoja?

MamaZabibu:
Nimecheka peke yangu gizani. Kaka, mume hajui kama nilikopa.

MzeeWaMvumi:
Ahaa. Basi kinachokukosesha usingizi si 32,000 peke yake. Mwambie kabla ya Jumatatu. Mkishaongea, nendeni wawili na mzee wa kanisa mkaombe marejesho yasogezwe. Msisubiri waje mlangoni.

MamaZabibu:
Wapendwa, nimerudi. Jana nilimsomea mume wangu lile daftari. Alinyamaza mpaka maji ya chai yakakaukia sufuriani. Halafu akasema, "Rudia ule ukurasa wa pili." Alikasirika, sitawadanganya, na usingizi haukuja kwa yeyote. Ila alfajiri tulipiga magoti wote, na aliyemtajia Mungu hiyo 32,000 alikuwa yeye. Mimi nilisinzia palepale sakafuni.