Tupeane uzoefu: Katuni za kale za rangi nyeusi na nyeupe, ipi ilikuvunja mbavu na uliionea wapi?

Mzee wa Deki
Wakuu habari za jioni. Leo kitinda mimba wangu, yuko darasa la pili, kanikuta naangalia kwenye simu katuni za kale za Popai, yule baharia anayepata nguvu akila spinachi. Kaniuliza, "Baba, simu yako imeisha rangi?" Nikamwambia kaa hapa. Hazikupita dakika tano, mtoto yuko sakafuni anagaragara.

Kilichommaliza ni pale Popai anapomtandika fahali ngumi moja. Fahali anarushwa juu, anashuka akiwa bucha nzima, nyama zimeshakatwa na kupangwa. Hakuna damu, hakuna anayelia. "Baba rudisha pale ng'ombe anakuwa nyama." Tumerudisha mara kumi na moja, maharage yameungua jikoni na mama yake hajarudi. Niombeeni.

Nimekumbuka kibanda cha video Morogoro. Mabenchi ya mbao, jasho, katuni zinawekwa kwanza kututuliza watoto wakati mwenye deki anahangaika kutafuta mkanda wa karate. Tulikuwa tunacheka mpaka anagonga ukuta. Haya, mwageni zenu.

Kipanga wa Ngamiani
Dah, mbali sana mkuu. Nakaa hapa kusubiri wakongwe.

Mama Wawili
Mimi ya mbuzi. Ile ya Mickey, yule panya, kwenye meli, ya 1928. Mbuzi kala karatasi za muziki na kigitaa juu yake, basi wanamfungua mdomo na kumzungusha mkia kama mashine ya kukamulia miwa, muziki unatokea mdomoni. Halafu panya anapiga meno ya ng'ombe kama marimba.

Sasa nyumbani tulikuwa na beberu, akala daftari langu la hesabu siku moja kabla ya mtihani. Nikamzungusha mkia. Halikutoka jibu hata moja. Nilichopata ni pembe ya goti, na alama ninayo hadi leo.

Kipanga wa Ngamiani
Hahahaha, pembe ya goti!

Fundi Chogo
Samahani mleta mada, kuna watu humu wanachanganya mafaili. Nusu ya katuni mnazoziita nyeusi na nyeupe zilikuwa za rangi. Televisheni zenu ndizo hazikuwa na rangi. Mimi nimetengeneza TV miaka ishirini na tano, najua ninachosema. Tom na Jerry wameanza 1940 na rangi zao.

Mzee wa Deki
Kwani nani kamtaja Tom? Nimesema Popai.

Fundi Chogo
Hata Popai. Ile anayopambana na Sindibadi ni ya 1936 na ni ya rangi tupu.

Mzee wa Deki
Hiyo moja na wenzake wawili, zile ndefu. Zile fupi za kila siku ziliendelea kuwa nyeusi na nyeupe mpaka 1943. Tusipelekane puta.

Bint Mkunazini
Jamani nyinyi wa bara mbona mnagombania kitu ambacho hamkuwa nacho? Sisi Zanzibar tele ya rangi tunayo tangu 1974. Nyinyi mmepata televisheni 1994. Kwa hiyo mimi nikikwambia ile niliyoitizama nikiwa skuli ilikuwa nyeusi na nyeupe, jua ilikuwa nyeusi na nyeupe kweli. Sio kichogo cha mtu.

Kipanga wa Ngamiani
Mama weee. Fundi, umechomwa na pasi ya mkaa.

Fundi Chogo
Haya, wameshaingia.

Mtoto wa Dereva
Fundi kanitonesha kidonda. Sijawahi kuisimulia hii popote.

Mbagala, 1996, umeme mtaani kwetu bado. Mjomba alituachia TV ya Greatwall ya inchi 14, ile inayotumia betri ya gari. Kama katuni zilikuwa za rangi au hapana sijui, kwetu kila kitu kilikuwa kijivu, hata taarifa ya habari. Baba alikuwa dereva teksi, analaza gari mchana na kutoka usiku wa manane. Mimi na rafiki yangu tukajua dawa. Baba akikoroma tunafungua boneti, tunachomoa betri, tunaangalia katuni, tunarudisha. Tulifanya hivyo Jumamosi nne bila kukamatwa.

Jumamosi ya tano tukanogewa. Kulikuwa na jamaa mmoja mnene anajaribu kupandisha piano ghorofani, kila akifika juu inamrudia. Tulicheka mpaka hatukuona picha inaanza kubana. Mnaoijua TV ya betri mnaelewa: betri ikichoka, picha inajikunja kutoka pembeni, inakuwa kama kiberiti, halafu kwisha. Tukairudisha betri kwenye gari ikiwa mfu. Na ile haraka, maji ya betri yakaniingia kwenye shati la shule. Nikalificha chini ya godoro.

Saa nane usiku mama akashikwa na uchungu. Mwezi ulikuwa umefika, sisi watoto hatukuwa tunahesabu mambo hayo. Baba anawasha gari: ka. Tena: ka. Mimi niko dirishani nasikia kila "ka" tumboni. Mtaa mzima ukaamka kusukuma. Ule mchanga wa Mbagala mnaujua. Wazee na misuli, kina mama na kanga za kulalia, bibi jirani mbele na chemli kama anaongoza treni. Baba anasukuma huku kashika usukani kwa dirishani.

Palikuwa na kimteremko baada ya msikiti. Gari likapata kasi. Baba akakanyaga maji ya kuoshea vyombo aliyomwaga mtu, miguu yote miwili ikaenda juu, nasema juu, kandambili moja ikabaki hewani peke yake. Gari likaendelea na safari na mama yangu nyuma, dereva hakuna. Mtaa mzima unalikimbilia. Bibi kazimikiwa na chemli. Likaingia kwenye bustani ya mchicha ya mzee mmoja mkali kuliko wote pale mtaani, likasimama katikati ya matuta.

Ngoja nihudumie mteja, narudi.

Mama Wawili
WEWE! Mama yuko kwenye mchicha na uchungu, unahudumia mteja gani?

Kipanga wa Ngamiani
Chai hii. Tena ina iliki. Mchicha kabisa? Kwenye uzi wa Popai?

Mama Wawili
Kipanga acha, mwenzio anasimulia maumivu.

Fundi Chogo
Habari ya picha kubana ni kweli tupu. Volti zikishuka lazima ijikunje. Huyu aliiona.

Mchora Vibonzo
Wakati tunamsubiri, niseme kidogo maana hii ndiyo kazi yangu. Watu hudhani zile katuni ni rahisi kwa vile hazina rangi. Filamu inapita picha 24 kwa sekunde. Katuni ya dakika saba ni picha kama elfu kumi. Hata mchoro mmoja ukiupiga picha mara mbili, bado una michoro elfu tano ya mkono. Ndiyo maana mikono yao haina viwiko, imekaa kama mpira wa kumwagilia maua. Inachorwa haraka. Na hapo hapo ndipo kicheko kilipo: mkono usio na mfupa hauvunjiki, kwa hiyo huumii naye. Kwenye ile ya meli, nahodha anavuta tumbo la Mickey mpaka linarefuka kama chapati mbichi, panya analikunjakunja na kulirudisha ndani ya kaptula, anaendelea na kazi. Mpe yule panya mbavu, utakimbia chumbani.

Mimi lakini mtu wangu ni Felix, paka wa 1919. Akikwama, alama ya kuuliza inamtokea kichwani, anaidaka na kuitumia kama ndoano. Mkia anauchomoa na kuufanya fimbo. Otto Messmer aliyemchora alikuwa amewahi kuchora katuni za Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu bubu, ndiyo maana paka anatembea vile, mikono nyuma, anawaza. Hasemi neno na mtoto wa Kigoma anamwelewa.

Otieno wa Video
Hapo kwa kutosema neno umenena. Huku Kisumu tulikuwa tunalipa shilingi mbili kuingia video, filamu ya Kizungu ikiwekwa nusu ya watu wanauliza "amesema nini?" Ikiwekwa katuni, hakuna mtu anauliza kitu. Hata shosho mwenye kuuza njugu hapo mlangoni alikuwa anaingia bure kwa hiyo dakika kumi, anacheka mpaka njugu zinamwagika, sisi tunaokota.

Nipo Uholanzi
Nitaharibu kidogo, mnisamehe. Nilizipenda sana mpaka nilipofika chuo huku. Tukawekewa katuni za miaka ya 1930 darasani, tunacheka wote, mimi ndiye wa sauti kubwa. Ikaja moja ya kisiwani: watu weusi wenye midomo kama sahani na mifupa kichwani, wanacheza ngoma kuzunguka sufuria. Kicheko kikakatika. Watu ishirini wanaangalia meza zao, wawili wananiangalia mimi. Nikabaki na tabasamu usoni sijui pa kulipeleka.

Baadaye nikasoma kwamba Bosko, nyota wa 1930, alichorwa kama kijana mweusi wa kuchekwa, kwa mtindo wa wale waigizaji Wazungu waliojipaka masizi. Zile glavu nyeupe wanazovaa kina Mickey nazo wengine wanazihusisha na majukwaa ya waigizaji hao hao.

Kipanga wa Ngamiani
Ah, tulikuwa tunacheka vizuri. Siasa peleka kwenye uzi wake.

Mchora Vibonzo
Si siasa, ni kweli. Glavu zilikuwa na sababu ya kazi pia, mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi hauonekani. Lakini alichosema huyo ndugu kipo, na anayewawekea watoto achague kwanza.

Otieno wa Video
Hizo za sufuria tuliziona pia. Na tulicheka sisi wenyewe, jumba nzima. Hatukujua ni sisi.

Nipo Uholanzi
Ndicho kilichonikaa, Otieno. Hata mimi nilikuwa nimeshaziona nyumbani.

Bint Mkunazini
Pole ndugu yangu. Kaa hapa usiondoke. Yule mtoto wa Mbagala yuko wapi?

Mtoto wa Dereva
Nimerudi. Wanaosema chai, endeleeni kunywa.

Mimi nilikuwa nimekimbia na peku. Nilifika gari lilipo wa tatu au wa nne. Nilijua mama amekufa, na nilijua ni mimi na betri. Watu wamekizunguka kile kigari wanaogopa kufungua mlango. Ndani tunasikia sauti. Baba akadhani analia. Akafungua.

Mama alikuwa anacheka. Uchungu unamjia, anashika kiti, anasema "yalaa", ukimwachia anacheka tena. Kumbe aliona kila kitu kwa kioo cha nyuma: mumewe anavyopaa, kandambili inavyokataa kushuka. Akawa anamnyooshea kidole baba, tope mpaka kwenye nyusi, hawezi kumaliza sentensi. Kile kicheko kikahamia kwa bibi, kwa wasukumaji, mpaka kwa yule mzee mwenye mchicha aliyekuja na panga. Mimi tu ndiye niliyekuwa nalia.

Jirani mwenye pikapu ya samaki ndiye aliyempeleka. Mdogo wangu wa kike akazaliwa kabla ya adhuhuri, mzima. Jina lake la cheti analo, ila mtaa mzima unamwita Betri, na sasa ana watoto wawili. Baba aliliona lile shati wiki iliyofuata, matundu matupu kama limeliwa na mende. Hakunipiga. Alinipeleka kwa yule mzee, nikamwagilia mchicha wake asubuhi na jioni mpaka mvua zilipoanza.

Kipanga wa Ngamiani
Nafuta kauli yangu ya chai. Msalimie Betri.

Mama Wawili
Nimecheka nikalia. Kwenye basi. Watu wananiangalia.

Asha Lishe
Jamani, kwa faida ya wote: mchicha na spinachi si mboga moja, ingawa ni ndugu. Na mzigo wote msiutwishe mboga. Popai alipoanza kwenye gazeti, 1929, nguvu zake zilitoka kwa kuku. Alimpapasa kichwa kuku wa bahati, akapigwa risasi kibao na akapona. Spinachi ilikuja baadaye. Wakulima wa Crystal City, kule Texas, wakaona faida, wakamjengea sanamu 1937.

Mzee wa Deki
Kuku? Huyo alikuwa kwa mganga!

Fundi Chogo
Na kuku mwenyewe alikuwa mweusi au mweupe?

Bint Mkunazini
Wa rangi. Umeridhika?

Kijana wa Chaneli
Wazee wangu, naruhusiwa kuziweka kwenye chaneli yangu zenye maneno ya Kiswahili juu yake?

Mchora Vibonzo
Ile ya meli, kwa sheria za Marekani, iko huru tangu Januari 2024. Popai yule wa gazetini wa 1929 tangu 2025. Nyingine angalia moja moja, na jina kama alama ya biashara ni kesi tofauti.

Otieno wa Video
Usiweke maneno. Utaua.

Mama Wawili
Weka maneno, ila weka taarabu chini. Nilishajaribu kuzima sauti nikapiga taarabu, yule panya anaendana na kinanda vizuri kabisa.

Asha Lishe
Walio na watoto chini ya miaka mitano msiwaonyeshe. Wangu aliruka na mwavuli kutoka juu ya kabati.

Kipanga wa Ngamiani
Muonyeshe na ya pili, atajua mwavuli haufanyi kazi.

Mzee wa Deki
Mama mtu karudi, kaona sufuria. Nawaandikia kutoka nje.

Fundi Chogo
Kuna Greatwall ya inchi 14 hapa ofisini, mwenyewe aliileta na hakurudi. Inawaka, inatumia betri. Mtoto wa Dereva, nakuuzia bei ya urafiki.

Mtoto wa Dereva
Ina rangi?