Tupeane uzoefu: mliandaa nini, na nini kiliwakwamisha, kabla ya jamu ya gemu?

FundiSinza
Wanajamvi, salaam. Vijana wa mtaani kwetu wameniomba niwaandae kwa Global Game Jam ijayo, yaani jamu ya dunia nzima ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi, ile ambayo tangu mwaka 2009 hufanyika kila mwishoni mwa Januari, na nilipoanza kuwaandikia orodha ya mahitaji nilijikuta nikikumbuka zaidi mambo yaliyotuvuruga kuliko yale yaliyotufaa. Wengi wenu mmeshashiriki, kwa hiyo sina haja ya kueleza jinsi mada inavyofichwa hadi saa ya kuanza na jinsi saa 48 zinavyoyeyuka. Ninachotaka kujua ni hiki: kabla mada haijatangazwa, mliandaa nini kilichowaokoa, na ni kitu gani ambacho hamkukiandaa kikawaumiza Jumapili jioni? Elezeni kwa kina, kwa sababu nitawasomesha vijana hawa uzi wote.

NahodhaPikseli
Umenitonesha kidonda, ndugu. Timu yetu hapa Unguja ilikuwa imejiandaa kwa kila kitu kinachoonekana kwa macho: ekstensheni za umeme, feni, maji, daftari za kuchorea, hata mtu wa kutuletea chakula. Tulichagua Godot, injini yaani programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu yenyewe ni faili dogo ambalo unalihamisha kwa flashi na kulifungua bila hata kulisakinisha, na jioni ya kabla ya jamu kila mmoja alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Tukalala tukiamini kwamba kazi ya maandalizi imekwisha.

Jumapili alasiri gemu letu lilikuwa limekamilika. Mchezaji alikuwa nahodha wa dau anayevusha abiria huku upepo ukibadilika, na hadi leo naamini ni kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya pamoja. Ikiwa imebaki kama saa moja, mwenzetu akabonyeza kitufe cha kulitoa gemu ili lichezwe kwenye kivinjari, na injini ikajibu kwamba violezo vya kutolea havipo. Kwa wasiofahamu, violezo hivyo ni mafaili ambayo injini huyatumia kugeuza mradi kuwa gemu kamili, na havimo ndani ya faili la injini. Hupakuliwa peke yake, ni vizito kuliko injini kwa mbali, na toleo lake lazima lilingane kabisa na toleo la injini unayotumia. Tukachanga fedha za bando, tukaanza kupakua kwa simu, na mtandao ukakatika tukiwa katikati. Kijana mmoja akakimbia hadi kwa jamaa yake mwenye intaneti ya nyumbani, akarudi akitokwa jasho na violezo vilivyotofautiana na injini yetu kwa tarakimu ya mwisho tu, na injini ikavikataa. Nakumbuka ukimya wa chumba kile. Watu waliokuwa wakicheka na kuimba tangu Ijumaa walikaa wakitazama kioo, na muda ukaisha gemu likiwa linachezeka kwenye kompyuta yetu pekee.

Tangu siku hiyo, siku chache kabla ya jamu yoyote tunatengeneza gemu la mraba mmoja unaotembea kushoto na kulia, tunalitoa, tunalipakia kwenye ukurasa wa majaribio na kulicheza kwa simu ya mtu asiye wa timu. Mraba usipotembea kwenye simu ya jirani, hatujajiandaa.

BiMizani
Naunga mkono kila neno. Mraba kwanza, chakula baadaye.

KaraniWaUsiku
Nyongeza kwa alichosema Nahodha, kwa sababu violezo si kikwazo pekee. Wanaoandika kwa lugha ya programu ya C# kwenye Godot 4 wafahamu mapema kwamba hawataweza kutoa gemu la kivinjari, kwa hiyo kama shindano linataka gemu lichezwe mtandaoni wabaki na GDScript, lugha ya Godot yenyewe, au watumie injini nyingine. Wanaopakia itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, wahakikishe kwamba ndani ya zipu mna faili la index.html. Tena kuna tatizo dogo ambalo limewaliza wengi: Windows kwa kawaida haijali kama faili linaitwa Picha.png au picha.png, lakini likishapanda mtandaoni herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na picha iliyoonekana nyumbani inatoweka mbele ya waamuzi. Andikeni majina yote kwa herufi ndogo tangu mwanzo.

Mimi pia huandaa msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mambo ambayo kila gemu linayahitaji: menyu ya kuanza, kitufe cha kusimamisha, kiwango cha sauti, na skrini ya kumaliza. Nikiingia kwenye jamu, nusu siku nzima ninaitumia kwa jambo linalohusu mada.

MchezaHaki
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Jamu maana yake ni kuanza na karatasi tupu pamoja. Mtu anayekuja na menyu, sauti na mfumo mzima uliopikwa nyumbani anawanyima haki wanafunzi wanaoanza kutoka sifuri, na kuliita jambo hilo maandalizi hakulifanyi liwe sawa.

KaraniWaUsiku
Ndugu yangu, soma kanuni kabla ya kuwahukumu watu. Ludum Dare, jamu ya mtandaoni ambayo imekuwepo tangu mwaka 2002, ina kitengo cha Compo ambacho ni kigumu kuliko vyote: mtu mmoja, saa 48, picha na sauti zote zitengenezwe ndani ya muda huo, na msimbo uwekwe wazi. Hata huko unaruhusiwa kuanza na msimbo wa msingi uliokuwa nao. Kitengo cha Jam kinatoa saa 72 na kinaruhusu timu.

MchezaHaki
Kanuni nazijua. Nazungumzia moyo wa jambo lenyewe. Nimefundisha vijana ambao walikata tamaa siku ya kwanza kwa sababu meza ya jirani ilikuwa na gemu linalotembea kabla ya chakula cha jioni.

BiMizani
Nyote wawili mna hoja, lakini FundiSinza ameuliza vijana wake waandae nini. Wasome kanuni za shindano husika, kisha waamue. Mimi ningewashauri wanaoanza waandae menyu tu na wasiguse kingine.

UshungiWaRangi
Uzi huu umenirudisha Januari 2024, wakati wa mgao wa umeme. Nilikuwa mchoraji kwenye timu ya watu watatu hapa Dar es Salaam, na mada ya mwaka ule ilikuwa "Make Me Laugh", yaani nichekeshe. Kwa kuwa tulijua ratiba ya mgao haiaminiki, tuliandaa jenereta la kukodi, mafuta, na paua benki za simu. Msimbo wote ulikuwa kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akiunganisha kazi zetu, kwa sababu kompyuta yake ndiyo iliyokuwa na betri inayodumu.

Jumamosi usiku, umeme umekatika na jenereta linanguruma, simu yake ikaita. Mke wake ameshikwa na uchungu, wiki kadhaa kabla ya siku zake. Alinyanyuka, akabeba begi lake kama mtu anavyobeba begi kila siku, akapanda bodaboda na kuondoka. Hakuna aliyefikiria chochote isipokuwa kumwombea. Ilikuwa kama nusu saa baadaye ndipo mtunzi wetu wa muziki aliponitazama na kuuliza, "Dada, kompyuta iko wapi?" Kompyuta ilikuwa kwenye begi, na gemu lilikuwa kwenye kompyuta.

Hatukuthubutu kumpigia. Mtu anayesubiri nje ya chumba cha uzazi haulizwi habari za faili. Tulikaa na nakala ya Ijumaa iliyokuwa kwenye flashi yangu, tukaanza kujenga upya kwa kukumbuka. Karibu na alfajiri simu yangu ikalia: ni yeye, amekaa kwenye benchi la hospitali, anajaribu kutusukumia kazi kwa intaneti ya simu yake, na hifadhi ya mtandaoni inaikataa kwa sababu faili la muziki ni kubwa mno. Nilimwambia aache, ashughulikie familia yake. Hakuacha. Alilitoa faili la muziki, akasukuma yaliyobaki, na sisi tukaongeza muziki kutoka kwenye kompyuta ya mtunzi.

NahodhaPikseli
Dada, usituache hapo. Mama na mtoto walikuwaje?

BiMizani
Nami nimeacha kupika nikisubiri jibu.

UshungiWaRangi
Wote wazima, namshukuru Mungu. Ni binti, na sasa anakimbia nyumba nzima. Gemu liliwasilishwa kwa wakati likiwa na hatua mbili badala ya tano.

MzeeWaFeri
Hongereni sana. Alhamdulillahi.

KaraniWaUsiku
Hongera kwa familia. Kuhusu faili lililokataliwa, GitHub, hifadhi ya mtandaoni ya msimbo, haipokei faili linalozidi megabaiti 100, na muziki usiobanwa hufika huko upesi. Baneni muziki uwe katika muundo wa ogg kabla ya kuuingiza kwenye mradi. Hifadhi ya pamoja ifunguliwe kabla ya jamu, kila mwanatimu asukume faili moja la majaribio kutoka kwenye kompyuta yake, na wanaotumia injini ya Unity wahakikishe folda ya Library haipandishwi kamwe.

MchezaHaki
Katika hili nakubaliana na Karani kikamilifu. Nakala ya kila saa kwenye flashi pia, kwa sababu intaneti yetu nayo hukatika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, mtu aliyetegemea maelezo ya injini yaliyo mtandaoni hakuwa na pa kusoma. Pakueni maelezo hayo mapema.

MzeeWaFeri
Vijana walale. Hakuna maandalizi yanayozidi usingizi wa usiku wa kuamkia jamu.

NahodhaPikseli
Mzee wangu, kwa heshima, sisi usiku huo ndio tunaoutumia kufanya zoezi la kubuni mawazo.

MzeeWaFeri
Basi zoezi lifanyike mchana, mwanangu. Nimeona watu wenye vipaji wakisinzia juu ya kibodi saa zile ambazo mawazo yalihitajika, na gemu zuri likaharibiwa na mtu mmoja aliyefuta folda akiwa nusu usingizini. Jamu nazo hazilingani: ile ya GMTK, chaneli ya YouTube ya Game Maker's Toolkit, ilianza kwa saa 48 mwaka 2017, na mwaka 2024 ikawa saa 96. Saa 96 huwezi kuzikesha.

BiMizani
Kuhusu zoezi, sisi huchukua mada za zamani za Global Game Jam, kama vile "Ritual" ya 2016, "Waves" ya 2017 na "Roots" ya 2023, na kila moja tunaipa nusu saa ya kubuni wazo ambalo linaweza kumalizika kwa siku moja. Hatuandiki msimbo wowote. Lengo ni timu ijifunze kubishana haraka na kukubaliana, kwa sababu nimeona timu nyingi zaidi zikipoteza Ijumaa nzima kwenye mjadala kuliko kwenye kompyuta. Ijulikane pia mapema ni nani mwenye neno la mwisho.

UshungiWaRangi
Na ijulikane saa ya mwisho. Jamu za mtandaoni huandika muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo 20:00 ya UTC kwetu ni saa 5 usiku. Andikeni saa hiyo kwa Kiswahili kwenye karatasi kubwa ukutani, ili asiwepo anayehesabu kivyake.

FundiSinza
Nimewasoma wote na ninashukuru sana. Jumamosi hii vijana wanakuja kwangu kutengeneza mraba wa Nahodha na kuupakia. Swali lililobaki: mmoja wao ana kompyuta ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4. Je, Godot 4 itamfaa, au nimrudishe kwenye toleo la 3?

KaraniWaUsiku
Mwambie achague hali ya Compatibility, iliyo nyepesi kwa kompyuta za zamani, anapoanzisha mradi, gemu liwe la pande mbili (2D) tu, na afunge kivinjari anapofanya kazi. Ikimsumbua hata kwenye mraba, mrudishe toleo la 3 mapema, kisha timu nzima ihamie huko pamoja naye.